Silabi Sita

Karatasi ilisema: Bakiri Chilumba, mcheza mapiko wa Newala,
anatuhumiwa kumdhalilisha msichana wa kikundi chake.
Saa moja kasoro dakika tatu. Chai ya tangawizi
bado inafuka kando ya kipaza sauti.
Selestini akalikata neno kwa kalamu nyekundu.
"Refu. Tangazo la salfa linasubiri."
Nikahesabu kwa vidole chini ya meza,
a, na, tu, hu, mi, wa,
kweli sita,
na mahali pake ameweka ame.

Ame.
Silabi mbili, na jambo limekwisha:
amekula, amelala, amekufa, amemdhalilisha.
Nikasoma. Nina sauti nzuri, wote husema.

Saa nne sokoni walikuwa wameshatoa hukumu,
saa sita wanagombania kifungo:
muuza dagaa alitaka maisha,
fundi cherehani akataka na viboko juu yake,
kinyozi akamtetea kwa sababu moja tu,
kwamba hajapata kuona mtu anacheza vile.
Kana kwamba miguu myepesi ni ushahidi.

Miaka kumi na tisa hatukuuona uso huu.
Jando likitoka, alikuja na lipiko kichwani,
kitambaa mpaka kwenye kucha,
watoto wakikimbia wakijua ni mzimu,
na sisi wakubwa, tuliojua ni mtu,
tukinyamaza, maana hiyo ndiyo heshima ya ngoma.
Sasa uso umo ndani ya kila simu:
kovu la kidevuni, jicho lililovimba siku ya kukamatwa,
na kuna aliyeuchorea pembe.

Yule msichana, jina lake hatukulitaja. Tulijivunia hilo.
Tulisema tu: mrefu, wa upande wa Kitangari, ana mwanya.
Ilitosha.
Wakaenda kumtazama akichota maji,
wakampima kanga, mwendo, saa anazorudi nyumbani.
Malalamiko aliyoyapeleka polisi kwa miguu yake mwenyewe
yakawa ya kila mtu,
yeye akabaki na macho ya watu.

Usiniulize kama Bakiri alitenda. Sijui.
Ninachokijua ni viganja vya mama yangu,
miaka arobaini ya kubangua korosho
imefuta hata mistari yake.
"Ukiibangua kabla ya moto," husema,
"mafuta ya ganda hayaulizi nani alikuwa na njaa."
Na hata korosho, pale ghalani,
mtu hukata sampuli, hupima, huandika,
ndipo aseme hii daraja la kwanza, hii la pili,
na mkulima amesimama palepale, jua la Oktoba utosini,
ana ruhusa ya kubisha.

Jumanne nilikwenda mahakamani bila kinasa sauti.
Mabenchi matatu, watu watano. Soko halikuja.
Mwendesha mashtaka akasema shahidi wa kwanza hakufika,
yuko kwa shangazi yake Nachingwea, anaogopa njia.
Wakili akasema mteja wake naye alirushiwa mawe Jumapili.
Hakimu aliandika kwa mkono, polepole,
kila neno kwa urefu wake,
akaahirisha hadi tarehe kumi na nne.

Jioni nikalirudisha neno, silabi zote.
Tangazo la salfa likachelewa kwa pumzi moja.
Hakuna aliyepiga simu.

Lakini usiku lililonirudia ni lile lipiko
mezani kwa karani, limefungwa kikaratasi:
Kielelezo namba mbili.
Nywele zake za kweli zimeshika vumbi,
macho yamechongwa wazi, mdomo umeachama kidogo
kama mtu aliyekaribia kusema
akaona wengine bado wanaongea.