Haikuganda

Swali aliniuliza kwa simu, kabla ya salamu:
imeganda?
Nikakiinamisha kichupa kwenye taa,
nikahesabu dakika kumi kwa saa ya ukutani
inayochelewa tangu Pasaka.
Haikuganda, Daktari Urio.
Nikamsikia akishusha pumzi kule wodini:
basi sindano haikuugusa moyo wenyewe,
iliishia uani.

Mgonjwa ni Ndeanasia Mlay, wa Kibosho,
wiki tatu akilala ameketi,
mgongo kwenye gunia la mahindi.
Wametoa mililita mia saba na themanini.
Mimi nimeletewa ishirini.
Rangi: mbege iliyodondokewa na damu.
Fomu haina nafasi ya mbege,
nikaandika kahawia, yenye ukungu.

Yeye alishapumua. Kwake hayo ndiyo majibu.
Ila mlangoni pa maabara kasimama mumewe, Elinami,
kofia mkononi, anauliza
kama maji yamesema.

Maji, shemeji, si kasuku.
Ni shahidi wa mahakama ya mwanzo:
aliona yote, hakumbuki jina.
Nimeyazungusha, nimepaka masimbi kwenye kioo,
nimetia rangi, nimesuuza kwa asidi,
nimetafuta vijiti vyekundu katika buluu,
maeneo mia tatu,
mpaka jicho la kushoto likaanza kuona kope zake.
Sikuona.
Na sikuona siyo hayupo:
hilo nililisema mara mbili, kwa Kiswahili,
kisha kwa Kikibosho changu kibovu,
akaitikia kama mtu anayeitikia mvua.

Seli za saratani, hamna. Protini juu. Limfosaiti tele.
Kidole kimeelekea kifua kikuu,
lakini kidole si jina.
Urio akaanza dawa jioni ileile, hakuningoja.
Alifanya vyema. Ningekuwa yeye nisingeningoja.

Nikapanda tone lililobaki katika chupa,
nikalifungia kwenye joto la mwili wa mtu.

Siku ya thelathini na nne, Julai,
mlima umejifunika hadi miguuni,
mashine ikalia.
Nikaandika jina kamili la mdudu, nikagonga mhuri,
nikapanda ngazi mbilimbili kama kijana.
Kitanda namba tisa kalala mtu mwingine.
Ndeanasia? Muuguzi akacheka: huyo anachuma kahawa.
Akanionyesha kabati la mafaili.

Nikalichomeka jibu nyuma kabisa,
kwenye ukurasa wenye duara la kikombe cha chai,
nikasimama hapo kidogo,
sijui nikimsubiri nani aulize.