Fundi wa Kutia Ufa

Saa sita na nusu, Pongwe, king'ora cha machimbo ya chokaa
kinalia mara tatu.
Mama anatoa vikombe kabatini, anavilaza mkekani.
Kuku wanajua, wameshaingia chini ya uchaga.
Baba anaweka kiganja ukutani
kama anayepima homa ya mtoto,
halafu anahesabu.

Mlio unafika kwenye nyayo kwanza, masikioni baadaye.
"Tundu moja limelala," anasema. "Wasiingie bado."
Hakuna aliyemuuliza.

Miaka kumi na tisa alikuwa kusini, kwenye makaa ya mawe,
na kazi yake haikuwa kuchimba.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta;
baba yangu, Mhina Singano, Mbondei wa Muheza,
alilipwa kutia ufa.

Alinieleza mara moja, tukimenya ukwaju:
Mlima ni mzigo. Ukiyatoa makaa mzigo hauondoki,
unahamia begani kwa jirani.
Mwamba laini hulia, humwaga vumbi, hukupa muda wa kukimbia.
Mgumu humeza. Humeza.
Akabana kokwa kati ya vidole viwili:
ikaruka, ikagonga sufuria.
"Hivyo," akasema.

Kwa hiyo unautangulia.
Unatoboa mbele, usikofika bado, mita kumi na mbili,
unaisikiliza drili: pale inaposhikwa
kama mkono uliokwama mtungini,
hapo ndipo penye hasira.
Unasukuma baruti hadi mwisho wa tundu, unaziba kwa mfinyanzi,
watu wote nje, unahesabu vichwa, unahesabu tena,
unawasha.
Hakianguki kitu. Hata debe moja la makaa hupati.
Mgeni atadhani baruti imepotea bure.
Lakini ndani, kusikoonekana, mwamba una nyufa kama nywele,
umelegea, umechoka kugombana,
na mzigo umerudi nyuma hatua kadhaa.

Mara moja tu hawakutoboa.
Mwisho wa mwezi, tani hazijatimia,
msimamizi akasema baruti isiyoleta makaa ni anasa.
Baba akatia saini.

Akarudi Tanga na begi moja na kofia mbili.
Ya pili ina jina ndani, kwa wino uliofifia: Ambakisye.
Miaka saba hakulitamka.

Mama hajui mita wala utambi.
Ila kila usiku, akishafunika moto kwa majivu,
alitoboa tundu moja tu:
"Ambakisye alipenda chai ya rangi au ya maziwa?"
Kisha huondoka, huenda uani, hukaa huko nusu saa.
Kesho yake: "Mkewe ni wa wapi?"
Keshokutwa: "Alikoroma?"
Hakikuanguka kitu. Hata chozi.
Mimi nilidhani anamtesa.

Juzi king'ora kilipolia
baba hakuugusa ukuta.
Aliiteremsha ile kofia msumarini, akaifuta kwa ncha ya kikoi,
akasema, si kwangu, si kwa mama, kwa kofia labda:
"Ya maziwa. Na tangawizi nyingi, mpaka inawasha koo."

Mlio ukaja. Mama alikuwa amesahau vikombe kabatini.
Kimoja kiliingia ufa.
Kinavuja kidogo.
Bado tunakinywea.