Mfuatishaji

Springburn, Glasgow, ghorofa ya tatu:
wanawake kumi na wawili, madirisha ya kaskazini.
Walituweka juu ili tupate nuru,
wakatupa mlango wetu na ngazi yetu
tusije tukapishana na wavulana wa chumba cha michoro.
Kila asubuhi laha zilipanda kwa kikapu na kamba
kama mkate wa wafungwa.

Kazi ilikuwa hii. Juu ya karatasi ya mhandisi
unatandaza kitani kilicholishwa wanga hadi kikang'aa,
unakipaka unga wa chaki, wino usije ukateleza,
unapangusa, unashusha pumzi,
unafuatisha.
Mweusi kwa chuma.
Mwekundu kwa mstari wa katikati,
ule usiokuwepo, usioguswa, usio na uzito,
na bila huo hakuna gurudumu linalozunguka.
Buluu kwa vipimo.
Msifikiri, alisema Bi Auchterlonie, msimamizi wetu.
Anayefikiri mkono humtetemeka.

Chini uani kaka yangu Dugald alichonga mifano ya msonobari:
silinda ya mbao, kiwiko cha mbao,
vizikwe mchangani, vifukuliwe,
na pengo vilivyoliacha linyweshwe chuma cha moto.
Chuma kikipoa hujikunyata,
kwa hiyo rula ya Dugald ilizidi rula za watu
kwa sehemu moja katika mia.
Tulimtania mezani: rula ya mwongo.
"Ndiyo," akasema, akimega kiazi,
"lakini mwongo huyu hajawahi kukosea."

Mwaka wa theluji ya Machi
liliagizwa garimoshi la nchi nisiyoweza kuitamka.
Laha ya kumi na nne, mkono wa valvu:
Bwana Strang alikuwa ameandika thumni tatu za inchi
pale ambapo laha ya tisa, niliyoifuatisha Jumanne,
ilisema tano.
Tofauti ya punje ya dengu.
Nilipeleka neno. Likarudi na kikapu:
Fuatisha.
Nikafuatisha. Tatu.

Siku ya nne, usiku, Dugald aliutua mfano
katikati ya sahani, juu ya meza ya mama.
"Haukai, Grizel. Nimeupima na kuupima.
Ama mimi nimechoka ama karatasi imelewa."
Sikujibu. Mama aliuhamisha mfano, akapakua supu.

Kesho yake nilifika kabla ya king'ora
na wembe wa marehemu baba.
Wino wa kitani haufutiki, hukwanguliwa,
uzi baada ya uzi,
kisha unasugua kwa ukucha mpaka pang'ae tena.
Nikaandika tano, kwa mwandiko uleule wa sisi sote
tuliofunzwa tusiwe na mwandiko.
Chini kulia, sahihi ya Strang,
ya mkaguzi, ya mkuu wa idara.
Kisanduku cha nne hakikuchorwa.

Garimoshi liliteremka mtaani kuelekea gatini,
lenye nguvu za farasi mia saba,
likivutwa na farasi kumi na sita.
Watu walishangilia. Strang alivua kofia.
Mimi niliutazama mkono wa valvu,
nao ukapita zake.

Miaka ishirini na sita, na makabati yakasafishwa.
Laha kuukuu: anayetaka na achukue.
Kitani ni kitani. Nilikichemsha usiku kucha,
wanga ukatoka kama maziwa yaliyokatika,
wino ukatoka kama moshi,
nikamshonea shati Lachlan, mjukuu wa Dugald,
aliyekuwa bado anatambaa.
Laini, jeupe. Nani angejua?
Ila chini ya kwapa la kushoto,
palipopita wembe,
ndipo palipotoboka kwanza.
Tundu la punje ya dengu.

Mama yake akaleta sindano.
Nikamwambia aache, nitatia kiraka mwenyewe.

Sijakitia.