Hesabu za Jumatano

Ukutani nimebandika, kama wauza duka wote:
*Mali bila daftari huisha bila habari.*
Basi nafungua daftari.

Jumatano. Uyole. Saa moja na robo usiku,
ukungu umeteremka toka Uporoto mpaka kwenye bati.
Kilichotoka:
sukari, mfuko mmoja
(wa pili uliwapasukia mlangoni, sisimizi wameshapata habari);
mafuta ya kula, madumu mawili;
simu ya uwakala na laini zake;
droo, laki moja na themanini na sita elfu;
biskuti, sijui ngapi.

Walikuwa watatu.
Wa kwanza aliomba kiberiti, kwa adabu.
Wa pili akauliza bei ya sabuni ya mche.
Wa tatu hakuuliza kitu. Alivuta mlango, akauegemea.
Tupokigwe amenisimulia mara nne
na kila mara anaanzia kwenye kiberiti.
"Nilishampa chenji," anasema.
"Bosi, nilikuwa nimeshampa chenji."

Mimi ni Mkinga, mzaliwa wa Bulongwa.
Nilijua kuhesabu kabla sijajua kufunga kamba za viatu.
Nilipofika nilitazama rafu kwanza.
Rafu!
Kalamu ilikuwa tayari vidoleni
ndipo nikauona mkono wake
ukimimina chai kutoka kwenye chupa,
na chai ikienda kila mahali
isipokuwa kikombeni.

Natafuta safu ya kuandika hilo.
Ipo ya mtaji, ipo ya mauzo,
ipo ya madeni (Mama Lugano, unga, elfu nne, tangu Pasaka).
Ya mkono haipo.

Wenzangu wa barabara ya Tukuyu wananishauri:
kata mshahara wake, kidogo kidogo, atajifunza.
Atajifunza nini, jamani?
Kukinga panga kwa kifuniko cha ndoo?
Bima ya duka sikukata, niliona ghali.
Nilimweka yeye awe bima,
kwa elfu themanini kwa mwezi na chai ya mchana.

Alhamisi tulikaa, maduka kumi na moja,
katika stoo ya Anyandwile, juu ya magunia ya viazi.
Tukachanga, tukanunua filimbi, zile za marefa.
Ikilia moja, wote tunatoka na tochi.
Asegelile wa vipuri akasema matairi chakavu anayo, hayana kazi.
Kikapita kimya cha watu wanaojua tairi hufanya kazi gani.
Hapo Tupokigwe, aliyekuwa amejikunyata ndani ya kitenge, akasema:
"Yule wa mlangoni alikuwa mtoto.
Ndala yake moja ya bluu, moja nyekundu.
Filimbi nitapuliza.
Likitoka tairi, sipulizi tena."
Tukaandika: tairi, hapana.
Namba ya kituo cha polisi, kila ukuta, kwa herufi kubwa.

Ijumaa fundi alichomelea nondo.
Jioni wanakaa wawili, giza halitukuti tukiwa wazi,
droo haivuki elfu thelathini.
Na nimemwambia, mbele ya fundi, ili nisije nikajikana:
wakirudi, wape.
Wakitaka na mizani, wape na mizani.
Sukari hulimwa kila mwaka.
Wewe ulizaliwa mara moja.
Aliitikia tu, "Sawa bosi,"
kwa ile sauti wanayotuitikia
wakisubiri kuona mwisho wa mwezi.

Leo, saa kumi na moja, amekuja kijana.
Ameomba kiberiti.
Nilikuwa nyuma, napanga chumvi, nikaacha kupanga.
Mkono wake ulikwenda kwenye filimbi,
ukakaa hapo kidogo,
kisha ukaenda kwenye rafu.
Chenji aliiweka juu ya kaunta. Hakumpa mkononi.
Kijana akaokota sarafu zake kupitia nondo, akaondoka
akipuliza vidole kwa baridi.

Nimeandika: kiberiti, kimoja.
Halafu nimechukua rula,
nikachora safu mpya pembeni mwa ukurasa.
Jina lake bado.