Zamu ya Maji

Jumatano ni zamu ya Mama Aikande.
Mbokomu nzima inajua hivyo,
hata mbuzi wanajua.
Maji hufunguliwa bwawani jioni,
hushuka na mfongo, hupita nyuma ya kihamba chetu
yakinong'ona, yakitutamanisha,
yanakwenda kwake.

Mwaka ule vuli ilitunyima.
Migomba ilikunja majani kama watu wenye baridi.
Nikamwita Elinami, kitindamimba wangu,
miaka kumi na sita, kipaimara cha juzi,
shati jeupe bado lina mikunjo ya dukani.
Nikampa jembe. Nikamwambia kwa sauti ya chini:
"Saa sita usiku, fungua kidogo. Saa moja tu.
Udongo uurudishe vizuri."

Sikusema iba.
Hakuna baba anayesema iba.

Nilikuwa nimemlea, nasema kweli, kwa bidii.
Sala kabla ya uji. Amri ya saba na maelezo yake
aliitamka kwa kichwa huku akimkatia ng'ombe majani.
Nilimwambia, mwanangu, usiwe Mkristo wa benchi,
shuleni watakutenga, mjini Moshi watakucheka,
wewe simama.
Nilimwandalia maadui wa mbali:
walevi wa stendi, wakubwa wa ofisini wapenda bahasha.
Sikufikiri kwamba ushujaa ule
angeuhitaji kwanza mbele yangu,
koti langu la mzee wa kanisa likining'inia msumarini.

Alirudi saa saba. Nilikuwa macho.
Nikasikia miguu, kisha jembe likiegemezwa ukutani.
Nikatoka na kurunzi, nikalimulika jembe:
kavu.
"Umefungua?"
"Sijafungua, baba."
"Umemwogopa nani?"
Akanyamaza. Mikono yake ilitetemeka,
sitaficha, ilitetemeka,
kijana huyu si simba.
"Wewe," akasema. "Nimekuogopa wewe njia nzima.
Lakini leo ni Jumatano."

Niliinua mkono.
Ulishuka wenyewe, haukumgusa,
nami sijui nani aliushusha.

Kulipokucha nikampigia Kundaeli, kaka yake,
fundi wa magari kule Arusha, Unga Limited,
hajakanyaga kanisani tangu lini sijui.
Nikamsimulia nikitaka tucheke wote.
Hakucheka.
"Mimi ulinituma miaka mitatu, baba," akasema.
"Na kila uliponituma nilikwenda."
Kisha akasema kuna mteja.

Kibo ilikuwa wazi asubuhi hiyo, nyeupe, haina la kusema.
Nikakata jani la isale mpakani,
mpaka uleule,
nikalifunga fundo kama walivyolifunga babu zangu
neno samahani lilipokuwa zito kuliko ulimi.
Nikavaa koti. Nikalivua.
Nikaenda na shati.

Elinami alinifuata bila kuitwa, hatua tano nyuma.

Mama Aikande alilipokea jani kwa mikono miwili,
akalitazama, akanitazama,
akahesabu kitu kichwani.
"Tangu lini?"
"Tangu Kundaeli akiwa kidato cha pili."
"Nilidhani ni fuko," akasema.
"Miaka yote hii nimetega mitego ya fuko."

Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi nayo,
mitego saba ya waya, imeota kutu,
akaiweka miguuni pangu moja moja
bila neno.
Elinami akainama akaiokota.
Mimi mgongo ulinikatalia.

Jumatano iliyofuata tulikuwa kando ya mfongo,
baba na mwana, tukizibua majani yaliyokwama
ili maji yapite upesi.
Migomba yetu nyuma yetu ilikuwa bado imejikunja.
Nilitaka kumwambia kijana jambo, nikalitafuta,
sikulipata.
Maji yakafika, ya baridi, yana vumbi la juu mlimani.
Akachota kwa kiganja akanawa uso,
kiganja kimoja,
kisha akayaachia yaende.