Giza la Mita Kumi na Mbili

Stashahada yangu ilikuwa bado inanuka wino
nilipobisha mlango wa Taisto Huhtala, mwoka mikate,
ghorofa ya tatu, nyuma ya reli, mjini Oulu.
Kwapani nilikuwa na vipande arobaini vya vitambaa,
rangi zangu kwenye kadi, nimezipanga kama karata,
na tepu ya kupimia iliyonigharimu bei ya viatu.

Kadi za biashara nilichapisha mia mbili:
Helka Raunio, Mpambaji wa Ndani.
Mia moja tisini na saba zilikuwa sandukuni.
Moja alichukua mama. Moja daktari wa meno.
Moja niliisahau kwa makusudi
kwenye kaunta ya duka la mikate.

Ilikuwa Juni. Huku Juni jua halilali,
linafumba jicho tu, kama mlinzi mzembe,
na saa nane za usiku ndege wanabishana juu ya paa.
Taisto huingia kazini saa nne usiku,
hurudi asubuhi na unga kwenye nyusi.
Kwake kutwa ndiyo kucha, na kucha ndiyo kutwa.

Nikaanza somo langu.
Nikasema mwanga. Nikasema chumba kipumue.
Nikasema kuta rangi ya maziwa,
na kioo mkabala na dirisha, mchana uzae mchana.
Alinisikiliza kwa adabu, kichwa upande,
kama anayesikiliza mkate ukipasuka ganda.
Kisha akasema: "Binti, mchana ninao.
Miaka ishirini na sita nalala kama mtu anayengoja basi.
Niuzie usiku."

Chuoni hakuna aliyetufundisha kuuza usiku.
Bajeti: euro mia tisa, na ujira wangu humo humo.

Nilikaa peke yangu kwenye kitanda chake mchana kutwa
nikiwinda jua. Linaingia kwa tundu la ufunguo.
Linapita chini ya mlango kwa tumbo, kama paka.
Lina mlango wake pale pazia linapoachana na ukuta.
Nilidhani nyeusi itatosha; nyeusi ya kung'aa ni msaliti,
hushika mwale mmoja na kuusambaza kama umbea.
Nikapaka rangi ya biringanya, isiyong'aa,
kuta nne, dari, hata fremu ya dirisha,
mpaka shingo ikakataa kugeuka.

Pazia la kwanza lilikuwa fupi kwa sentimita nne.
Nilikata kitambaa kabla ya kukata shauri.
Euro mia na kumi. Nililia ngazini,
nikajipangusa kwa kipande cha mahameli, sampuli namba saba,
nikarudi dukani kununua tena kwa pesa yangu ya kodi.

Jumatano nikafunga mlango, nikanyoosha mkono mbele ya uso.
Sikuuona.

Venla alikuja na kamera, nipate picha ya jalada langu la kazi.
Akawasha taa: chumba kikawa stoo ya mtu mwenye huzuni.
Akazima: kamera ikaleta mraba mweusi.
"Nipige nini hapa?" akauliza.
Nikauchapisha mraba huo, ukurasa wa kwanza.
Daktari wa meno aliufunua, akaupitisha haraka,
akaniambia mashine yangu ya kuchapa ina hitilafu.
Yeye anataka kitu kichangamfu. Labda machungwa.

Ijumaa nilimpigia Taisto saa saba mchana
kudai nusu iliyobaki. Hakupokea.
Nikapiga saa nane. Nikapiga saa tisa,
kodi ikinikaba, friji ikiwa na haradali tu,
na kila mlio usiojibiwa nilizidi kutabasamu
kama mwehu, simu sikioni,
nikiisikia ikilia, ikilia
ndani ya giza nililolishona mwenyewe.