Gunia Moja na Gorogoro Saba

Kapteni Jepkosgei hakuniuliza kama naogopa.
Aliniuliza kilo.

Nikacheka. Miaka kumi na tisa nimepima mahindi ya watu
katika bohari la Kitale, na sijawahi
kupanda mizani mwenyewe.
Tukaiburuta hadi nyasini, kando ya kiwanja,
nikasimama juu yake bila viatu,
naye Barasa, mlinzi, akasoma kwa sauti
kama anayetangaza kura:
mia na nne!
Yaani gunia moja na gorogoro saba.
Yeye kapteni, hamsini na sita, na funguo mfukoni.

Akapiga hesabu kwenye kiganja, kwa kalamu.
"Tutapunguza mafuta," akasema.
"Huku kwetu juu hewa ni uji mwepesi,
rafadha inakoroga tu, haishiki.
Na saa nne ikipita, haturuki."

Kuingia sasa.
Nani alijua kwamba kuruka huanza na kujikunja?
Unakanyaga penye alama nyeusi, si kwingine,
kwingine ni bati, litabonyea.
Unatanguliza makalio, kichwa kinafuata kikiomba radhi,
goti la kwanza, halafu la pili, ambalo halina pa kwenda,
linajibanza chini ya usukani
kama mbuzi chini ya kitanda cha wageni.
Mlango ulikubali mara ya tatu.
Bega langu likawa lake, lake likawa langu,
mkanda ukanivuka kitambi, ukalia tak.

Nikanong'ona: samahani.
Akajibu: "Humu hatuombani samahani, tunaombana nafasi.
Inua kiwiko."

Ndicho nilichouzia ng'ombe wawili na pikipiki:
kibanda chenye harufu ya petroli na soksi,
viti viwili, pumzi moja.

Wiki tisa tulibanana hivyo.
Asubuhi na umande, Barasa akipuliza filimbi
kufukuza ng'ombe na watoto wa shule waliokatiza,
nasi tunakimbia, tunakimbia,
tunaila njia hadi mahindi yanapoanzia,
ndipo ndege inaiachilia ardhi shingo upande,
kama mdaiwa anayetoa noti ya mwisho.
Elgon kushoto, Cherangani kulia,
na jasho la watu wawili kiooni.
Siku moja tukapita juu ya bohari.
Nikaliona tundu la paa
ambalo meneja aliapa limezibwa.

"Macho mbele," alisema. "Mahindi yatajipima."

Jumanne ile tulitua mara ya nne.
Akasema, simama, usizime.
Akafungua mlango wake, akashuka,
akaufunga mkanda wake juu ya kiti kitupu
usije ukacheza ukanasa usukani,
akagonga ubavu wa ndege mara mbili,
kama mtu anayeruhusu punda,
akaenda.
Hakusema nenda salama. Hakusema lolote.

Hamsini na sita.
Najua uzito wa hamsini na sita, nimeubeba mgongoni.
Sikujua uzito wa kutokuwapo kwake:
ndege ilichupa kabla ya mahindi,
kabla ya kibanda cha Barasa, kabla yangu mimi,
moyo ukabaki chini ukinifuata mbio.
Kiwiko changu kikawa na uwanja mzima.
Sikukitandaza.
Nusu ya kibanda ilikuwa yangu, na sikuitaka.

Nilizunguka mara moja, kama nilivyofunzwa.
Nikausemesha ule mkanda: mwendo sawa, mafuta sawa,
upepo unatoka mlimani.
Haukunisahihisha.

Nikatua. Tuseme nilitua mara tatu,
mbili za kwanza za kudunda.

Alikuwa nyasini, na Barasa, na ng'ombe wanne
wasioshangaa chochote.
Akaja akitembea polepole, kalamu sikioni,
akafungua mlango wa upande wake.
Nje kulikuwa na Kitale yote ya kusimama.
Mimi nikainua kiwiko,
nikajikunja,
nikampa nafasi.